Nimepewa chai za Kijapani aina tano, moja nimeshaiua. Nisaidieni

Bint_Ngamiani (Tanga)

Wadau, za jioni. Kuna mwenye kuijua chai ya Wajapani humu? Naomba anishike mkono kabla sijaharibu zaidi.

Kulikuwa na mwalimu wa Kijapani wa kujitolea shuleni kwetu, miaka miwili akifundisha hesabu. Muda wake umekwisha mwezi uliopita. Siku ya kuagana akaja nyumbani na mfuko wa karatasi, ndani mna vipakiti vinne na kikopo kimoja. Kiswahili chake kinatosha kupatana bei ya embe sokoni, lakini kueleza chai kilimshinda. Akawa anagonga kipakiti kwa kidole, "polepole, mama, polepole." Nami nikaitikia, nikidhani ananiambia ninywe taratibu nisijiunguze.

Sasa. Kipakiti cha kwanza kimeandikwa sencha. Majani membamba kama sindano za cherehani, kijani kiza, yanang'aa. Nikatia vijiko vinne vya kulia sufuriani, tangawizi, iliki, nikaacha itokote kama ninavyopika chai siku zote, mwisho maziwa. Ikatoka rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha na uchungu wa mwarobaini. Mume wangu akapiga funda moja, akakitazama kikombe, akauliza nyumba hii nani mgonjwa.

Vilivyobaki ni hivi. Kimoja kimeandikwa genmaicha: majani yamechanganyika na mchele uliokaangwa na, sitanii, bisi! Nilidhani wamefagia ghala. Kingine hojicha, cha kahawia kabisa, kinanukia kama karanga zinatoka jikoni. Kikopo kimeandikwa matcha, unga kijani laini kama hina. Na kipo kidogo kuliko vyote, karatasi ya fedha kwa ndani, hakina herufi hata moja ninayoijua, maandishi yao tu. Nilikifungua kidogo nikanusa: majani meusi kuliko ya sencha, yananukia mwani. Hicho alinikabidhi kwa mikono miwili.

Zinanywewaje hizi? Sukari inaruhusiwa? Na hicho kisicho na jina ni nini?

babu_strungi (Mombasa)

Mwanangu, chai ni majani, maziwa na sukari mpaka kijiko kisimame. Hiyo nyingine ni dawa. Ya hina jipake mkononi, Idi ikaribie.

Yadi_Makinohara (Shizuoka)

Dada wa Ngamiani, pole, na usijilaumu. Mimi ya kwanza niliitema barabarani.

Ni mtu wa Pangani, huku Shizuoka, Japani, nina mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu yadi ya magari, hayahaya mnayoyapokea Dar na Mombasa. Kiangazi cha kwanza, jua la kupasua kichwa, nikatia sarafu kwenye mashine ya kando ya njia nikabonyeza chupa ya kijani, roho yote iko kwenye soda. Kumbe chai. Ya baridi, chungu kwa mbali, sukari hata chembe. Nikatema, nikaitikisa chupa nikijua sukari imetuama chini. Wenzangu wa yadi wananicheka mpaka leo.

Aliyenifundisha ni bibi mwenye nyumba ninayopanga. Ana miaka 81 na mistari kumi na minne ya michai nyuma ya nyumba. Kwa hiyo ninayokuambia ni ya Bibi. Wajuzi wa sherehe za chai watanisamehe.

Ulichokiua kwanza. Chai ya kwetu majani huachwa yanyauke, yasagwe, yapigwe na hewa mpaka yawe mekundu. Ya huku, yakichumwa hukimbizwa kwenye mvuke siku hiyohiyo. Nusu dakika, wakizidisha sana dakika moja na kitu, na kijani kinakwama palepale. Halafu yanasokotwa na kukaushwa kwa saa kadhaa mpaka yawe hizo sindano zako. Mkulima wa Ujitawara karibu na Kyoto, Nagatani Soen, ndiye anayetajwa kuikamilisha njia hiyo mwaka 1738. Kabla yake wakubwa walikunywa unga wa kijani, na chai ya mtu wa kawaida ilikuwa ya kahawia tu.

Basi jani lililopikwa tayari kwa mvuke wewe ukalipika mara ya pili na tangawizi juu. Ndani yake mna vitu viwili vinavyogombana: theanini, ambayo ni utamu kama wa supu, na katekini, ambayo ni uchungu na ule ukakasi wa ndizi mbichi. Theanini hutoka hata maji yakiwa yamepoa kiasi. Katekini inangoja moto. Maji yanayotokota yanafungulia uchungu mlango mzima. Kwa hiyo ile "polepole" ya mwalimu wako sidhani ilikuwa ya kunywa. Ilikuwa ya maji.

Bibi anafanya hivi, na nimemtazama asubuhi zisizo na idadi. Birika linachemka kweli kweli, kwa sababu maji ambayo hayajachemka yana ladha ya bomba. Anayamimina kwenye vikombe vitatu vitupu. Anakaa. Anasema maneno mawili matatu kuhusu mvua. Majani yako kwenye buli dogo la udongo mwekundu lenye mpini ubavuni kama wa sufuria, kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe, si cha kulia. Maji yakiwa yamefika digrii 75 hivi, kwa kukisia mvuke tu, anayarudisha kutoka vikombe kwenda kwenye buli. Dakika moja, halitikiswi. Kisha anamimina kidogo kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, anarudi cha tatu, cha pili, cha kwanza, ili asiwepo wa kupata maji na wa kupata chai. Na tone la mwisho analitingisha mpaka lidondoke, maana hilo ndilo lenye yote, na yakibaki maji bulini mkupuo wa pili utakuwa mchungu. Akimaliza anafunua kifuniko majani yapumue. Mkupuo wa pili maji ya moto zaidi, sekunde chache tu. Wa tatu yanayochemka. Majani yaleyale, chai tatu zisizofanana.

Usitegemee ladha ya chai. Iko karibu na supu: kuna kijani cha kisamvu, kuna harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa, halafu nyuma ya ulimi unakuja utamu usio wa sukari. Sukari haitiwi. Lakini sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kushangaa, kahawa chungu tunainywa vipi? Halua kwanza, finjani baadaye. Wao ndivyo wafanyavyo: kitamu kinaliwa, ndipo chungu kinafuata.

Genmaicha na hojicha hazina makuu, hizo ndizo ungeanza nazo. Maji yanayochemka, nusu dakika, mimina. Ile bisi ni mchele wao uliopasuka, hakuna aliyefagia ghala. Hojicha ni majani ya kijani au vijiti vyake vilivyokaangwa, ndiyo maana yananukia jikoni. Hiyo hata maziwa inakubali, na babu wa Mombasa angeinywa bila kugomba. Na genmaicha nina siri: wali wa kiporo bakulini, kipande cha samaki wa jana, mimina chai ya moto juu, chumvi. Huku kinaitwa ochazuke, ni chakula halisi cha usiku, si umaskini wangu.

Hina yako: kijiko kimoja cha chai, kichekeche kwa chujio maana kinaganda mabonge, bakuli pana, maji kidogo ya digrii 80, kama kikombe kimoja na robo cha kahawa. Wao wanapiga kwa kifagio cha mwanzi kilichochongwa kwenye kipande kimoja. Wewe tia kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko, tikisa mpaka povu. Usikiharakishe kikopo hicho. Jiwe la kusagia matcha linatoa kama gramu 40 kwa saa, na kuanzia mwaka 2024 dunia nzima inaigombea mpaka maduka ya Kyoto yakaweka kikomo cha makopo kwa mteja.

Sasa kile kisicho na jina. Tazama alama ya kwanza kati ya zile mbili kubwa. Je, ni mistari mitatu ya kulala, mmoja wa kusimama katikati, na kinukta kimoja chini upande wa kulia? Kama kinukta kipo, funga pakiti, usiiguse mpaka tuongee.

Majani_Mawili (Nandi)

Hapo kwa mvuke umenifundisha kitu, ndugu. Mimi nimefanya kazi kiwanda cha chai huku Nandi miaka tisa. Majani yananyaushwa usiku kucha, asubuhi yanaingia CTC, mashine ya kuyasaga na kuyararua, halafu tunayaacha mpaka rangi ya shaba, ndio yaende kikaushio. Kazi yetu yote ni kungoja jani libadilike. Kumbe hao kazi yao ni kulizuia!

Hii sencha ukiniletea nitaichemsha tu na bado niko na bahati: huku juu, karibu mita 2,000, maji yanachemka yakiwa kama digrii 93. Dada wa Tanga yeye yuko baharini, kwake ni mia kamili, hana huruma hapo.

Swali: ni mti huuhuu wetu? Na huko wanachuma kwa mkono, majani mawili na chipukizi, ama ni mashine?

Bint_Ngamiani

Kinukta kipo!! Nimekiangalia kwa tochi ya simu.

Kaka Yadi, Mungu akubariki. Maswali yangu: kipimajoto sina, nitajuaje digrii? Maji yetu hapa nyumbani siku za mgao ni ya kisima na yana chumvichumvi, yanafaa? Na naogopa kukuambia nilipoziweka. Ziko kabati la viungo, kati ya karafuu na mdalasini. Wiki ya tatu sasa.

Yadi_Makinohara

Karafuu! Dada, ziamshe hizo zitoke kabatini sasa hivi. Chai ina pua kuliko paka. Zitie kila moja kwenye chombo kinachobana, mbali na jiko na jua. Zilizofunguliwa zinywe ndani ya mwezi. Ambazo hujazifungua waweza kuziweka kwenye friji zikiwa zimebanwa, lakini ukizitoa ngoja zirudi joto la nyumba kabla ya kufungua, la sivyo kwa hewa ya Tanga zitatoka jasho na kulowa.

Maji ya kisima hapana. Maji ya huku ni laini, na chai imezoea hivyo. Yenye chumvi yataizima ladha kama taa. Tumia ya bomba yaliyochemka vizuri au ya chupa.

Kipimajoto Bibi hana pia. Kila ukihamisha maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine yanashuka kama digrii kumi. Hiyo ni hesabu ya huku, kwa joto lenu hamisha mara moja zaidi. Birika hadi kikombe, kikombe hadi kikombe: hapo uko kwenye sencha. Ukiweza kukishika kikombe kisicho na sikio kwa viganja viwili ukatulia nacho, hapo uko kwenye kile kipakiti chako chenye kinukta.

Kipakiti hicho ni gyokuro. Alama ya kwanza maana yake kito, ya pili umande. Mwalimu wako alikupa mkufu, wewe ukauweka na mdalasini.

Michai ya gyokuro hufunikwa kama siku 20 kabla ya kuchumwa. Zamani kwa majani makavu na matete, siku hizi sana sana kitambaa cheusi. Jani likikosa jua haligeuzi theanini kuwa katekini, utamu unabaki humo, na rangi inakuwa nzito, ndiyo huo weusi ulioona. Inahusishwa na Yamamoto Kahei, mfanyabiashara wa chai, mwaka 1835. Inayosifika ni ya Uji na ya Yame kule Fukuoka. Ile harufu ya mwani hukuikosea, ndiyo harufu yenyewe, inatokana na kufunikwa.

Inywe hivi. Vikombe vya kahawa, vile vidogo vya kuuzia kahawa barazani, ndiyo saizi. Majani vijiko viwili vya chai, hata vitatu, usione huruma. Maji digrii 50 mpaka 60, kiasi cha kikombe kimoja hicho kidogo, yaani yafunike majani tu. Dakika mbili na nusu. Hutapata kikombe, utapata matone, mnagawana. Usiyameze, yashike juu ya ulimi. Mara ya kwanza Bibi alinipa kitu kama kijiko kimoja cha chai hiyo na nilidhani ni ubahili. Nikakaa kimya mpaka kikombe kilipokauka, maana nilikuwa nasikia supu ya kaa bila kaa. Mikupuo ikiisha, yale majani hayatupwi, ni laini kama mchicha: wao wanatia tone la sosi ya soya wanakula. Wewe tia limau na chumvi.

Na usiinywe usiku. Jedwali la vyakula la Japani linaiweka gyokuro kwenye miligramu 160 za kafeini kwa mililita 100, kahawa ni 60, sencha na hojicha 20, genmaicha 10. Nilipuuza, nikakesha nikihesabu magari dirishani.

Ndugu wa Nandi, ni mti uleule kwa ukoo, ila wenu wengi ni wa majani mapana wenye asili ya Assam, huu wa huku ni wa majani madogo, unavumilia baridi. Kuchuma kwa mkono kupo kwa chai za bei. Bibi hana watu wa hivyo. Michai yake imepunguzwa mviringo kama mikate ya boflo iliyopangwa mstari, na mashine yake inabebwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, upanga umepinda kufuata mgongo wa boflo. Upepo wa mashine unasukuma majani kwenye mfuko mrefu unaoburuzika nyuma kama mkia. Mwanzoni mwa Mei, karibu na siku ya 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda yao, mimi ndiye mbeba mkia. Mwaka wa kwanza nilitembea haraka kuliko mjukuu wake upande wa pili, upanga ukalala, tukakwangua vijiti mita nzima. Bibi hakusema kitu. Ile sehemu aliifanyia chai yake peke yake, na kila nikija ananimiminia hiyo.

Mashambani kuna nguzo ndefu zenye feni juu kabisa. Nilidhani ni za umeme wa upepo. Kumbe usiku wa baridi hewa ya joto inakaa juu, feni zinaishusha ili umande usigande juu ya machipukizi. Uwanda huu wa Makinohara ulikuwa pori mpaka mwaka 1869, wapiganaji wa shogun, mtawala wa kijeshi wa zamani, waliopoteza ajira walipoweka panga chini wakashika majembe. Mkoa wetu wa Shizuoka ulikuwa wa kwanza Japani kwa wingi wa chai tangu takwimu zianze kuwekwa mwaka 1959. Mwaka 2024 mkoa wa Kagoshima wakatupita, wana tambarare na mashine za kupanda mtu akaendesha kama trekta. Habari ile ilipotoka Bibi alizima televisheni akaenda kupalilia, mwezi wa pili, baridi ile.

dokta_wa_mtaa (Dar)

Mimi niko hapa kwa jambo moja. Inakata kitambi au haikati?

Yadi_Makinohara

Mimi nainywa kila siku na mkanda nimeongeza tundu. Ukinywa hiyo badala ya soda sukari itapungua, hapo sawa, mengine usinitie mdomoni. Ila haya yachukue: usiinywe pamoja na chakula kama unaambiwa damu ni pungufu, inazuia madini ya chuma yasinyonywe vizuri, ipishe saa moja. Na aliye kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze matcha kila siku bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu unga ule ni jani zima na lina vitamini K.

Bint_Ngamiani

Nimerudi na ripoti. Jumamosi, saa kumi jioni, watoto madrasa.

Nilianza na genmaicha ili kupata ujasiri. Mume wangu alichungulia akaona bisi zinaelea, akasema sasa tunakunywa sinema. Lakini alimaliza, akasogeza kikombe. Nikampa wali wa mchana na samaki wa kukaanga, nikaumwagia chai mbele yake. Alikula huku akinitazama mimi, si bakuli.

Halafu gyokuro. Sina buli la mpini, nilitumia kikombe na sahani ya kukifunikia, na chujio la chai. Maji niliyahamisha mara nne mpaka nikaweza kukikumbatia kikombe. Dakika mbili na nusu ni ndefu, jamani. Nilisikia friji, nikasikia jirani anakuna nazi. Nikakamua matone kwenye vikombe viwili vya kahawa, hayakufika hata nusu. Ni mazito kidogo, kama yana mafuta. Nami kwa kuwa mmeniambia supu nikategemea supu, lakini mimi nilipata kitu kingine: mahindi machanga ya kuchemsha, yale maji yake, halafu bahari. Mume wangu hakuuliza nani mgonjwa. Alisema, "hii ndiyo ile ya karafuu?" Kwa sababu karafuu ipo, kwa mbali, mkupuo wa pili hasa. Siwezi kusema haipendezi.

Majani tumeyala na limau. Yeye kala mengi.

Sencha bado naiogopa. Nimepima iliyobaki, ni vijiko tisa vya chai. Kesho natumia vitatu, kwa vikombe vitatu, jirani wa nazi nimemwalika. Hina naiweka mpaka nipate chupa ya jemu, na halua nimeshaagiza Zanzibar kwa wifi. Mwalimu nimemtumia picha ya majani sahanini na limau. Amejibu kwa sauti, anacheka, halafu anasema "ndiyo, mama, maji, maji!"

babu_strungi

Hiyo ya kahawia mliyosema inakubali maziwa, ikibaki nitumie kwa basi. Sukari ninayo.